Seleni madukani Kampala: shampuu nunua, vidonge acha, sindano pigia hesabu

Ukiingia duka la dawa Wandegeya kuulizia shampuu ya mba, kisha ukashuka Container Village kumtafutia dawa ng'ombe ambaye kondo la nyuma limegoma kutoka, unaweza kurudi nyumbani na chupa mbili zenye kiini kimoja: seleni. Ni elementi namba 34, ndugu wa salfa, iliyotambuliwa Uswidi mwaka 1817 na Berzelius na Gahn ndani ya tope la kiwanda cha asidi ya sulfuri. Binadamu huihitaji kwa mikrogramu, ng'ombe kwa miligramu, kiwanda kwa tani. Mikrogramu elfu moja ndiyo miligramu moja, na makosa mengi ya bidhaa hizi huzaliwa hapo: mnunuzi anasoma namba, hasomi kipimo kilichoandikwa mbele yake.

Tunazipima hapa kwa aina, si kwa jina la kampuni. Jina hubadilika kila shehena inapoingia. Kinachoamua ni kile kilichoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya chupa.

Shampuu ya sulfidi ya seleni

Hii inastahili pesa yake. Huja kwa nguvu mbili: asilimia 1 kwa mba ya kawaida ya kichwani, na asilimia 2.5, ambayo ndiyo dawa hasa ya mabaka ya mwilini. Kwenye lebo tafuta maneno "selenium sulfide". Shampuu nyingi zinazojitangaza kuwa za mba hazina kitu hicho. Baadhi zina zinki pirithioni, ambayo nayo hufanya kazi, na nyingine zina ubaridi wa mnanaa tu. Ukilinganisha bei, linganisha asilimia kwa asilimia. Chupa ya asilimia 1 inayouzwa nusu ya bei ya ile ya 2.5 haijakupunguzia kitu.

Tikisa chupa kila unapoitumia. Dawa yenyewe ni chembe za rangi ya chungwa zinazotulia chini, kwa hiyo asiyetikisa hupata sabuni mwanzoni na dawa yote mwishoni. Kwa sababu hiyohiyo, usikubali kumiminiwa kidogo kwenye kichupa kingine: hujui umepewa tabaka lipi.

Kwa kichwa, lowesha nywele, chukua mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, usugue ngozi ya kichwa na si nywele, uache dakika 2 hadi 3, usuuze, kisha urudie mara moja. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili. Baadaye mara moja kwa wiki, au hata kwa nafasi ndefu zaidi, kadiri mba inavyorudi. Kuitumia kila siku hakuharakishi kitu. Ngozi huwashwa, na wengine hushangaa kuona kichwa kimekuwa na mafuta kuliko kabla.

Mabaka ya mwilini, yale mepesi au ya kahawia yanayotapakaa kifuani, mgongoni na mabegani, husababishwa na fangasi wa Malassezia, anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na hustawi kwa joto, jasho na mafuta. Paka ile ya asilimia 2.5 pamoja na maji kidogo mpaka itoe povu, iache dakika 10, oga uitoe yote. Mara moja kwa siku, siku 7 mfululizo. Usipake kwenye mabaka yanayoonekana peke yake, maana fangasi amekwisha kuenea kwenye ngozi ambayo bado inaonekana nzima. Anzia shingoni mpaka kiunoni, na mikono ya juu pia.

Lalamiko linalosikika kuliko yote ni kwamba siku saba zimepita na madoa bado yapo. Dawa haikushindwa. Fangasi hufa ndani ya wiki, lakini ngozi iliyopoteza rangi huirudisha kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Kwangua doa taratibu kwa ukucha: likitoa unga mwembamba kama wa mhogo, fangasi bado yupo, likiwa laini bila unga, kazi imekwisha na kilichobaki ni kusubiri. Anayerudiwa kila msimu wa joto anaweza kuipaka mara moja kwa mwezi kama kinga.

Mapunye ya watoto ni kesi nyingine. Shampuu hii peke yake haiyaponyi, kwa sababu fangasi wake amejichimbia ndani ya unywele. Anahitaji dawa ya kumeza, kwa mfano griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa na kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Shampuu ikitumika mara mbili kwa wiki sambamba na dawa hiyo hupunguza mbegu za fangasi zinazodondoka kwenye mto na kwenye mashine ya kinyozi. Hilo ni jambo la maana katika nyumba ambayo watoto wanne wanalala kitanda kimoja.

Kasoro zipo. Inanuka salfa. Pete na mkufu wa fedha hugeuka vyeusi, vivue kwanza. Mvi na nywele zilizotiwa rangi zinaweza kubadilika zisipoosheka vizuri, kwa hiyo weka siku mbili kati ya shampuu hii na rangi au dawa ya kulainisha nywele, kisha suuza kwa maji mengi. Usipake penye kidonda au ngozi iliyochubuka: ngozi nzima haipitishi seleni ya kutosha kuleta madhara, ngozi iliyofunguka hupitisha. Mjamzito aulize kwanza kabla ya kuipaka mwili mzima. Kuhusu saratani, ambayo huulizwa sana: panya waliomezeshwa sulfidi ya seleni kwa muda mrefu walipata uvimbe wa saratani kwenye ini, ilhali majaribio ya kuipaka kwenye ngozi hayakuonyesha hivyo. Hatari iko kwenye kumeza. Chupa ikae juu, mtoto asiifikie.

Vidonge

Hapa hatuna mengi. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 55 kwa siku, mjamzito 60, anayenyonyesha 70. Gramu 100 za ngege aliyepikwa hutoa karibu mikrogramu 50, yai moja kama 15. Anayekula samaki au nyama mara kwa mara, akichanganya na mayai, hana pengo la kuzibwa na kidonge cha mikrogramu 200. Anayeishi kwa matoke na posho tupu ana upungufu wa mambo mengi kwa pamoja, na seleni peke yake haitamwokoa.

Maneno ya kwenye boksi ni makubwa kuliko ushahidi. Jaribio la Marekani na Kanada lililohusisha wanaume 35,533 liliwapa baadhi yao mikrogramu 200 kwa siku ili kuzuia saratani ya tezi dume. Mwaka 2008 washiriki waliambiwa waache vidonge kwa kuwa faida haikuonekana. Kwa wenye virusi vya Ukimwi, jaribio la Dar es Salaam kwa wanawake wajawazito, kwa kipimo hichohicho, halikubadilisha wingi wa virusi wala CD4, yaani seli za kinga. Muuzaji anayekuambia kidonge hiki kinasaidiana na ARV, mwombe akuuzie sabuni badala yake.

Kikomo cha juu kwa mtu mzima ni mikrogramu 400 kwa siku kwa mujibu wa Marekani; Ulaya ilikishusha hadi 255 mwaka 2023. Ni rahisi kufika huko kwa kujumlisha. Vidonge vya virutubisho mchanganyiko vya wajawazito vinavyofuata fomula ya Umoja wa Mataifa tayari vina 65. Ongeza kidonge cha 200, ongeza samaki, hesabu imekwisha. Dalili za kuzidisha ni pumzi inayonuka kitunguu saumu bila mtu kukila, kucha kukatika na kuwa na michirizi, nywele kunyonyoka, kuharisha, uchovu. Mwaka 2008 huko Marekani watu 201 waliugua baada ya kunywa kirutubisho cha maji ambacho lebo yake ilisema mikrogramu 200 kwa dozi, kumbe ndani zilikuwa 40,800. Kirutubisho cha maji kilichochanganywa vibaya hakina ladha ya kukuonya.

Sindano ya seleni na vitamini E

Hii ni dawa nzuri mikononi mwa anayejua kuzidisha na kugawanya, na ni sumu mikononi mwa asiyejua. Seleni imo ndani ya vimeng'enya vinavyozuia seli zisiharibiwe na mabaki ya oksijeni, na vitamini E inalinda utando wa seli hizo. Moja ikipungua, nyingine hubeba sehemu ya mzigo, ndiyo maana zimetiwa chupa moja. Ndama, mwanambuzi au mwanakondoo aliyekosa zote mbili hupatwa na ugonjwa wa misuli myeupe. Anasimama kwa shida, anatembea kama ubao, anashindwa kunyonya, au anaanguka ghafla na kufa, maana moyo nao ni msuli. Kwa ng'ombe mzazi, upungufu huchangia kondo la nyuma kukaa zaidi ya saa 24.

Huchangia tu. Kondo hukwama pia kwa brusela, kwa upungufu wa kalsiamu, kwa mapacha, kwa kuzaa kwa shida. Brusela ipo kwenye mifugo ya Uganda na humwambukiza mtu. Kundi likiwa na mimba zinazotoka na makondo yanayokwama, damu ipimwe kabla ya kununua chupa yoyote, na kondo lisishikwe bila glavu. Kuchoma seleni kwenye kundi lenye brusela ni kupaka rangi ukuta wa nyumba inayovuja paa.

Ni kweli kwamba udongo mwekundu, wenye chuma nyingi na tindikali, huishikilia seleni na kuyanyima majani, kwa hiyo upungufu si jambo la kubuni. Lakini huonekana maabara kwenye damu, si kwa kutazama manyoya.

Sasa lebo. Chupa mbili zinazofanana kwa umbo na kifuniko zinaweza kuwa na nguvu tofauti mara tano: moja ina miligramu 1 ya seleni kwa mililita, nyingine 5. Pili, baadhi ya lebo huandika uzito wa "sodium selenite", si wa seleni yenyewe. Chumvi hiyo ni seleni kwa asilimia 45.7 tu, kwa hiyo miligramu 2.19 za sodium selenite ndizo miligramu 1 ya seleni. Anayechanganya viwili hivi atatoa nusu ya dozi au maradufu yake, kutegemea amekosea upande gani.

Dozi ya lebo nyingi huzunguka miligramu 0.055 za seleni kwa kila kilo ya uzito. Lebo ya chupa yako ikisema tofauti, fuata hiyo. Ndama wa kilo 40 anahitaji miligramu 2.2: hiyo ni mililita 2.2 kutoka chupa ya 1, lakini ni mililita 0.44 tu kutoka chupa ya 5. Mtamba wa kilo 300 anahitaji miligramu 16.5, yaani mililita 16.5 au 3.3. Mwanambuzi wa kilo 4 anahitaji miligramu 0.22. Huyu ukimchoma "mililita moja tu, ni kidogo" kutoka chupa ya 5, umempa zaidi ya mara 20 ya dozi yake, na kesho haioni. Takriban mara kumi ya dozi inatosha kuua, na hakuna dawa ya kuigeuza ikishaingia. Mwaka 2009 huko Florida farasi 21 wa polo wa timu moja walikufa kwa sababu kiwango cha seleni kwenye sindano waliyotengenezewa kilikosewa.

Uzito usikadiriwe kwa jicho. Utepe wa kupimia kifua unauzwa kwenye maduka hayohayo ya dawa za mifugo; kwa mbuzi tumia mizani ya kuning'iniza. Kwa wanyama wadogo tumia sirinji ya mililita 1 yenye mistari ya mia, si ile ya 10. Choma kwenye msuli wa shingo au chini ya ngozi kama lebo inavyoelekeza, na dozi inayozidi mililita 10 igawe sehemu mbili. Baki na mnyama nusu saa: akitetemeka, akitoa jasho, akihema kwa nguvu au akianguka mara tu baada ya sindano, huo ni mzio, na daktari wa mifugo awe na adrenalini karibu. Sumu yenyewe huja kwa saa kadhaa hadi siku moja: kupumua kwa tabu, povu puani, tumbo kujaa, kuyumba, pumzi ya kitunguu saumu.

Kwa ng'ombe mwenye mimba, wiki 3 hadi 4 kabla ya kuzaa ndio wakati wake. Kondo likishakwama, sindano hii hailing'oi. Usirudie baada ya siku chache kwa kuwa "hakuna mabadiliko". Na angalia dawa ya minyoo uliyomnywesha wiki hiyo, kwani baadhi ya dawa za minyoo zimeongezwa seleni na kobalti, na jumla hiyo hakuna anayeihesabu. Siku za kusubiri kabla ya kuchinja ziko kwenye lebo na hutofautiana. Kwa ng'ombe siku 30 ni za kawaida.

Nunua chupa nzima yenye muhuri, kwenye duka lenye leseni ya NDA, mamlaka inayosimamia dawa za watu na za mifugo pia. Duka linalovuta mililita tano kwenye sirinji na kukukabidhi bila lebo limekuuzia kitendawili. Kwa mfugaji mwenye mbuzi, chupa ya miligramu 1 au chini yake ni bora hata kama bei yake kwa miligramu iko juu, maana kosa dogo la mkono haliui. Chupa ya 5 iachiwe wenye ng'ombe wazito.

Chumvi ya kulamba

Kwa zizi la kawaida la ng'ombe wa maziwa, pesa ya seleni ikae hapa. Ng'ombe anayekula kilo 12 za malisho makavu kwa siku anahitaji takriban miligramu 0.3 kwa kilo, yaani 3.6 kwa siku kutoka vyanzo vyote. Chukua namba ya seleni kwenye mfuko, zidisha kwa gramu anazolamba, gawanya kwa 1000. Mchanganyiko wenye miligramu 30 kwa kilo, akila gramu 100, unampa 3: umefika. Wenye 10, akila gramu 50, unampa 0.5: umenunua chumvi. Jiwe jekundu halithibitishi kitu; wekundu ni wa oksidi ya chuma. Chumvi ya ziwa Katwe ni nzuri kwa sodiamu, lakini usiitegemee kwa seleni.

Unga mtupu wa sodium selenite usiingie shambani kabisa. Tani nzima ya chakula cha kuku kwa kiwango cha miligramu 0.3 huhitaji gramu 0.66 za unga huo. Kijiko cha chai cha gramu 5 kikitiwa kwenye kilo 100 kinatoa miligramu 23 kwa kilo, wakati chakula cha kuku wa mayai kikizidi miligramu 5 kwa kilo mayai hushindwa kuanguliwa na vifaranga huharibika maumbile. Nguruwe hupooza na kwato hujitenga. Nunua mchanganyiko uliokwisha kupunguzwa kiwandani, uuchanganye kwanza na kilo chache za pumba, kisha ndipo uingie kwenye rundo kubwa.

Mashine kuukuu

Hizi huuzwa kama mtumba, na aliyenunua hajui amenunua seleni. Seleni nyingi duniani hutoka kwenye tope linalobaki shaba inaposafishwa kwa umeme (shaba ya Kilembe iliyoyeyushwa Jinja ilisafirishwa kabla ya hatua hiyo), kisha huenda kwenye uzalishaji wa manganizi, kwenye kuondoa ukijani wa vioo, kwenye rangi nyekundu. Tangu 1873 imejulikana kuwa seleni ya kijivu hupitisha umeme zaidi ikipigwa na mwanga, na mashine za kwanza za fotokopi zilijengwa juu ya tabia hiyo. Ukiletewa mashine ya zamani sana mitaa ya Nasser Road yenye dramu inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, usiipige msasa wala kuichoma. Baadhi zina aseniki pia. Dramu za leo, za kijani au buluu, kwa kawaida hazina shida hiyo.

Mafundi wa mtaa wa Katwe, Kampala, wanaofungua chaja za zamani za betri watakutana na sahani za chuma zilizopangwa kwenye fito moja kama mishikaki: hiyo ni rektifaya ya seleni, kifaa kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC. Ikiungua hutoa harufu mbaya ya figili iliyooza. Toka nje, fungua madirisha, rudi moshi ukiisha. Kikomo cha seleni kwenye hewa ya kazini ni miligramu 0.2 tu kwa mita ya ujazo. Masizi yake yakikutana na jasho hufanya asidi inayoingia chini ya kucha na kuuma sana, kwa hiyo vaa glavu. Badilisha fungu lote la sahani kwa diodi nne za silikoni, lakini kumbuka silikoni hupoteza volti chache kuliko seleni, hivyo volti ya kutoka itapanda. Ongeza rezista mfululizo, na upime kwa mita kabla ya kuunga betri: kwa betri ya volti 12, isizidi 14.4.